Bei ya Fundi wa Gari: Ipi ni ya Haki?



Gari la kikundi chetu lilikaa gereji miezi minne. Ni pikapu ya zamani, Toyota Hilux, iliyokuwa inatumia petroli. Sisi ni wakulima wa mboga katika milima ya Lushoto. Tunateremsha kabichi, karoti na viazi mpaka Mombo, kwenye barabara kuu. Miezi hiyo minne tulikodi magari ya watu. Na kabichi haingoji. Ukichelewa siku mbili tatu majani yanageuka njano, na mnunuzi anakupa bei anayotaka yeye.

Tulikuwa tumelipeleka gari ili libadilishwe injini. Ile ya petroli ilikuwa inakula mafuta mno. Fundi akatuambia: "Wazee wangu, toeni hii, tuweke ya dizeli. Milioni sita, kila kitu." Tukapatana naye. Akateremsha laki mbili. Tukatoka pale tunacheka, tumeshinda.

Gari lilipokamilika lilikuwa limetugharimu milioni saba na nusu. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi, na hesabu zote ziko katika daftari langu. Tena siku ya kwanza ya kuteremka kutoka Soni kwenda Mombo, breki zilikuwa nzito kama jiwe. Bahati yetu dereva ni mzee wa kazi. Alirudisha gia, akalibana gari kwenye ngema upande wa mlima mpaka likasimama. Kabichi zilimwagika barabarani. Hakuna aliyeumia.

Nimeandika makala hii ili tuelewane juu ya jambo moja: bei ya haki ni bei gani? Wengi wetu tunadhani bei ya haki ni bei ndogo. Mimi pia nilidhani hivyo.

NENO "KILA KITU"

Fundi alisema "kila kitu". Sisi hatukumwuliza kila kitu ni nini. Basi kila wiki simu inalia: "Mzee, bado kitu kidogo." Hebu tazama vitu vidogo vilivyomo katika daftari langu:

Gia boksi ya dizeli, Sh. 650,000/-.
Rejeta kubwa zaidi, Sh. 250,000/-.
Kukata na kuunga propela shafti, Sh. 180,000/-.
Kusafisha tenki, chujio la dizeli na mipira yake, Sh. 130,000/-.
Vishikio vya injini na kuvichomelea, Sh. 120,000/-.
Bomba la moshi, Sh. 110,000/-.
Waya, swichi na hita, Sh. 80,000/-.
Alteneta nyingine, Sh. 180,000/-.

Jumlisha. Utapata Sh. 1,700,000/-. Hizi ni juu ya zile Sh. 5,800,000/- tulizopatana.

Je, vitu hivi vilikuwa vya uongo? Nimeuliza mafundi wengine watatu. Wote wamesema karibu vyote vilihitajika. Gari limetengenezwa kiwandani kwa injini moja. Ukitoa injini hiyo na kuweka ya aina nyingine, vishikio haviko mahali pake. Gia boksi huenda isikubaliane na injini. Gia boksi ikibadilika urefu, propela shafti nayo inakuwa fupi au ndefu. Bomba la moshi linatokea upande mwingine. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Inabana hewa mpaka iwe ya moto sana, na dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Kwa sababu hiyo inahitaji hita za kuisaidia kuwaka asubuhi ya baridi, na baridi ya Lushoto mnaijua. Tenki nalo lazima lioshwe, maana mabaki ya petroli na uchafu yanaharibu pampu ya dizeli, na pampu hiyo ni ghali.

Kwa hiyo fundi hakutuibia vitu. Kosa lilikuwa katika ile bei ya kwanza. Ilikuwa bei ya injini na kuifunga tu, ikavishwa jina la "kila kitu". Kama angetuambia mapema kwamba ni milioni saba na nusu, labda tungekataa, au tungeuza kwanza mazao ya msimu. Fundi alijua hivyo. Na sisi hatukuuliza. Bei ambayo haikutaja vitu vyake siyo bei, ni kubahatisha.

ILE LAKI MBILI ILIPUNGUA WAPI?

Sasa nirudi kwenye breki. Jambo hili nalieleza polepole, maana linahusu roho za watu.

Kwenye magari mengi, mguu wa dereva haukanyagi breki peke yake. Kuna chombo cha mviringo mbele ya pedali kinachoitwa busta. Busta inasaidiwa na nguvu ya kunyonya hewa inayotoka kwenye injini. Injini ya petroli ina kilango kinachobana hewa inayoingia. Hewa ikibanwa, injini inanyonya kwa nguvu, na busta inafanya kazi. Lakini injini nyingi za dizeli hazibani hewa namna hiyo. Hewa inaingia huru. Nguvu ya kunyonya haitoshi. Ndiyo sababu watengenezaji huongeza pampu ndogo ya kunyonya hewa. Mafundi wanaiita vakyumu. Katika injini za dizeli za Toyota kama 2L ya lita 2.4 na 3L ya lita 2.8, pampu hiyo imeshikana na alteneta, nyuma yake. Alteneta, au dinamo kama wengine wanavyosema, ndiyo inayochaji betri.

Injini yetu ilinunuliwa bila alteneta. Fundi akatafuta alteneta ya kawaida, isiyo na pampu. Betri ilichaji vizuri. Taa ziliwaka. Katika uwanja wa gereji gari lilikuwa tupu na mahali ni tambarare, basi hatukugundua kitu. Breki zilikuwepo, ila hazikuwa na msaada. Gari likiwa na mzigo kwenye mteremko wenye kona za Soni, mguu wa mtu hautoshi.

Mwenyekiti wetu, mama mmoja asiyeogopa mtu, alikwenda gereji siku ya pili. Fundi hakukataa. Alimwambia: "Mama, mlisema nipunguze, nikapunguza."

Tofauti ya bei kati ya alteneta ile na yenye pampu ilikuwa karibu sawa na ile laki mbili. Tulipokuwa tunacheka njiani, tulikuwa tumeshauza breki zetu.

Hata hivyo simtetei. Fundi anajua, sisi hatujui. Ndiyo maana tunamlipa. Hana ruhusa ya kupunguza breki na kunyamaza. Lakini nimejifunza kwamba ukimwambia fundi "punguza" bila kusema apunguze nini, yeye ndiye atakayechagua. Atachagua mahali usipopaona.

JE, KUBADILI INJINI KUNALIPA?

Swali hili lingetakiwa liwe la kwanza. Sisi tulilifanya la mwisho. Chukua kalamu tuhesabu pamoja.

Gari letu la petroli lilikwenda kilomita 8 kwa lita moja. La dizeli linakwenda kilomita 10. Kwa mwezi tunatembea kilomita 2,000. Bei za mafuta zinapanda na kushuka, na EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Ili hesabu iwe rahisi, tuseme petroli na dizeli zote ni Sh. 3,000/- kwa lita.

Petroli: 2,000 gawanya kwa 8, ni lita 250.
Dizeli: 2,000 gawanya kwa 10, ni lita 200.
Tunaokoa lita 50. Mara Sh. 3,000/-, ni Sh. 150,000/- kwa mwezi.

Kwa bei ya milioni sita, fedha yetu ingerudi baada ya miezi 40. Kwa milioni saba na nusu, itarudi baada ya miezi 50, yaani miaka minne na miezi miwili. "Kitu kidogo" cha fundi kimetuongezea miezi kumi ya kungoja.

Sasa chukua jirani mwenye gari linalotembea kilomita 500 tu kwa mwezi, kwenda gulioni na kurudi. Yeye ataokoa lita 12 na nusu, sawa na Sh. 37,500/-. Gawanya milioni sita kwa hizo. Ni miezi 160. Miaka kumi na tatu na zaidi! Huyo akishauriwa kubadili injini nzima, ashukuru kwa ushauri, aende nyumbani. Afadhali asafishe kabureta, abadili plagi, na ajaze upepo wa kutosha kwenye matairi.

Lakini kama injini ya zamani imekufa kabisa, hesabu inabadilika. Hapo lazima ununue injini kwa vyovyote. Tuseme injini nyingine ya petroli ya aina ile ile, pamoja na kuifunga, ni milioni tatu. Inaingia bila kubadili gia boksi wala propela shafti. Ya dizeli ni milioni sita za kweli, vitu vyote vimetajwa. Basi unalolipia ni ile tofauti ya milioni tatu tu. Kwa gari la kilomita 2,000 kwa mwezi, itarudi kwa miezi 20. Hiyo inafikirika.

Wengine wameniuliza juu ya gesi. Ni kweli, Dar es Salaam magari mengi na bajaji zimefungwa mitungi ya gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mtwara. Lakini gesi inafaa pale penye kituo cha kuijazia. Kwa sisi wa milimani bado ni habari ya kusikia.

BODI: HAPA TULIKUWA TUMEERUKA

Mwaka uliofuata tulitengeneza bodi. Madigadi ya nyuma yalikuwa yametoboka, na sakafu ya kubebea mizigo ilikuwa kama chujio. Safari hii mwenyekiti alisema hatuzungumzi bei na fundi yeyote mpaka atutajie vitu. Tukaenda kwa wawili.

Wa kwanza alitazama gari, akazunguka mara moja, akasema: "Laki tano." Alipoulizwa vitu, akasema, "Nyie niachieni mimi."

Wa pili alilala chini ya gari kwa nusu saa. Akatoka na vumbi kichwani. Akaomba karatasi. Aliandika hivi:

Bati geji 20, Sh. 90,000/-.
Puti na msasa, Sh. 60,000/-.
Rangi, hadina na tina, Sh. 240,000/-.
Vijiti vya kuchomelea, Sh. 40,000/-.
Jumla ya vifaa, Sh. 430,000/-.

Fundi bodi siku 6 kwa Sh. 30,000/-, ni Sh. 180,000/-.
Msaidizi siku 6 kwa Sh. 15,000/-, ni Sh. 90,000/-.
Fundi rangi siku 2 kwa Sh. 35,000/-, ni Sh. 70,000/-.
Jumla ya ujira, Sh. 340,000/-.

Umeme, pango na uchakavu wa mashine, Sh. 80,000/-.
Faida ya gereji, Sh. 85,000/-.
Jumla yote, Sh. 935,000/-.

Hizi ni bei za kwetu wakati ule. Za kwako zitakuwa nyingine. Wewe tazama mpango wake.

Baadhi ya wanachama walipiga kelele. Laki tano na laki tisa! Lakini sasa tulikuwa na karatasi ya kutazamia. Tulikwenda dukani kuuliza bei ya bati, rangi na puti. Zilikuwa za kweli. Basi tukajiuliza juu ya fundi wa kwanza. Kama vifaa peke yake ni Sh. 430,000/-, kwenye laki tano zinabaki Sh. 70,000/-. Watu watatu watakula Sh. 70,000/- kwa wiki nzima? Haiwezekani. Lazima atapunguza vifaa. Atapunguza vipi? Nitaeleza, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa.

Kwanza ni bati. Bati hupimwa kwa geji. Watu wanakosea hapa kwa sababu namba inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 20 ina unene wa karibu milimita moja. Geji 28 au 30 ndiyo unayoezekea nyumba. Ukiezekea gari, mwaka haupiti kabla mashimo hayajarudi.

Pili ni kutu. Kutu haiponi kwa kufunikwa. Lazima ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, ndipo bati jipya lichomelewe. Kukata kunachukua siku. Kupaka puti juu yake kunachukua saa moja. Wiki ile gari linapendeza kama la harusi. Masika ikija, rangi inavimba malengelenge.

Tatu ni puti yenyewe. Puti ni ya kusawazisha, kama mtu anavyopiga lipu nyembamba ukutani. Siyo ya kujengea. Kuna njia ya kuijua. Tafuta sumaku ndogo. Hata ile ya spika mbovu ya redio inafaa. Ifunge kitambaa isikwaruze rangi. Ipitishe juu ya bodi. Penye chuma inashika. Penye puti nene inaachia na kuanguka. Gonga pia kwa kidole: chuma kinalia, puti inajibu kama ubao.

Tahadhari kwa wenye Land Rover za zamani. Sehemu kubwa ya bodi yake ni alumini, siyo chuma. Sumaku haitashika hata kama hakuna puti, kwa hiyo usigombane na fundi bure. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini chasisi yake ni ya chuma na inaoza chini kwa chini, na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu hutokea unga mweupe unaokula. Kuchomelea alumini pia ni kazi ya mwenye vifaa vyake. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, alumini ni nyuzi 660 tu. Fundi wa mageti akiigusa kwa mashine yake ya kawaida anatoboa tundu. Mara nyingi huwekwa kipande kipya na kupigwa ribiti. Kwa hiyo bei ya Land Rover haiwezi kulinganishwa na ya Hilux. Ya chasisi itajwe peke yake, na mtu alale chini atazame kabla ya kutaja.

Nne ni rangi. Ile ya kuchanganya na hadina ni ghali, lakini inashika na haitoki kwa petroli wala jua. Ile nyepesi ya tina ni nafuu na inapauka upesi. Zote zina mahali pake. Sisi tungeweza kuchukua ya nafuu; gari la kabichi halihitaji kung'aa. Tulichagua ya ghali kwa sababu ya mvua za milimani. Kumbuka ile ya hadina ina mvuke mbaya kwa mapafu. Fundi wa rangi aliyevaa barakoa ya kweli, siyo kitambaa, ana gharama zaidi, na ni haki yake.

TULIVYOPATANA

Tulimwambia fundi wa pili apunguze. Ni desturi, kununua bila kupatana ni kama kuingia nyumba bila kubisha hodi. Yeye akatujibu: "Sawa. Niambieni nitoe kipi."

Tukatazama karatasi. Bati hatukutaka litoke. Rangi hatukutaka itoke. Ujira wa fundi ulikuwa wa kawaida. Ndipo kijana mmoja wa kikundi akasema, "Kupiga msasa hata sisi tunaweza." Vijana wetu wakapiga msasa siku tatu. Ujira wa msaidizi ukapungua kwa Sh. 45,000/-. Tukabaki na Sh. 890,000/-. Bei ilipungua kwa sababu kazi ilipungua. Fundi hakununa, na sisi hatukupoteza kitu.

Malipo tuliyagawa mara tatu. Kianzio kilikuwa Sh. 430,000/-, za vifaa. Nilikwenda dukani pamoja na fundi na stakabadhi nikabaki nazo. Mara ya pili Sh. 200,000/-, bati likishachomelewa na KABLA puti haijapakwa. Hapo nawaomba msione uvivu kwenda. Puti ikishapita, hakuna anayejua chini kuna nini. Mara ya tatu Sh. 260,000/-, gari likishajaribiwa.

Tuliandika makubaliano. Siyo lazima kumtafuta mwanasheria. Mmejifunza kusoma na kuandika, na kazi yake ni hii. Yetu yalikuwa hivi:

"Leo tarehe ..... sisi kikundi ..... na fundi ..... tumepatana kutengeneza bodi ya gari namba ..... Kazi na vifaa ni kama orodha iliyo nyuma ya karatasi hii. Bei ni Sh. 890,000/-. Kazi itakwisha tarehe ..... Kikionekana kitu kisichokuwa kwenye orodha, fundi atatujulisha bei yake kabla ya kukifanya, na hatakifanya mpaka tukubali. Vitu vya zamani vitakavyotolewa ni mali ya kikundi. Kazi ikiharibika ndani ya miezi sita kwa kosa la ufundi, fundi atairudia bila malipo. Sahihi ya fundi ..... Sahihi ya mwenyekiti ..... Shahidi ....."

Nakala mbili, moja kwake, moja kwetu. Kama tungekuwa na maneno yale ya "kabla ya kukifanya" wakati wa injini, simu za "kitu kidogo" zingekuwa na adabu.

NA FUNDI NAYE

Tusimsahau. Mafundi wengi wana kilio chao. Mtu analeta gari, linafunguliwa, halafu anapotea miezi. Gari linakaa uwanjani, limezuia nafasi ya kazi nyingine. Mwingine analipa nusu na kusema iliyobaki atatuma. Fundi aliyewahi kuumizwa hivyo anapandisha bei kwa wote wanaofuata, na mimi na wewe tunamlipia mdeni tusiyemjua.

Sheria iko upande wake katika jambo hili. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mtu aliyefanyia kitu kazi ya ufundi anaweza kukizuia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo, isipokuwa kama mlipatana vingine. Kwa hiyo usiende na vijana kulivuta gari usiku. Kama unaona bei imezidi makubaliano, peleka karatasi yako. Kesi za madai kama haya zinaweza kusikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo, na huko kesi inaendeshwa kwa Kiswahili. Mwenye karatasi na asiye na karatasi hawasikilizwi kwa urefu sawa.

SIKU YA KUCHUKUA GARI

Usichukue jioni. Nenda asubuhi, na dereva wako. Lijaribu kwenye mlima, tena lenye mzigo kidogo. Busta ipime hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne tano mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata nguvu. Isipozama, usiondoke. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na siku ile hakuna kati yetu aliyelijua.

Kwa injini iliyobadilishwa kuna kazi moja zaidi. Kadi ya gari ina namba ya injini, ukubwa wake, na aina ya mafuta. Injini mpya ina namba nyingine. Chukua stakabadhi ya mahali iliponunuliwa, uende ofisi ya TRA ukaulize utaratibu wa kurekebisha kadi. Injini isiyo na stakabadhi usiinunue hata kwa nusu bei. Huenda imetoka kwenye gari la mtu aliyelala macho wazi akilitafuta, na askari akilinganisha namba na kadi, anayeulizwa ni wewe mwenye gari.

Na ile injini ya zamani? Kwetu haikuandikwa popote. Tulipokwenda kuiulizia, tukaambiwa ilishauzwa, "si mliiacha?" Ilikuwa nzima, kosa lake lilikuwa kula petroli tu. Mtu mwenye Hilux kama yetu angeinunua. Katika daftari langu nimeiandika kwenye ukurasa wa hasara, lakini mahali pa kiasi nimepaacha wazi, kwa sababu hatukuuliza ilikuwa na thamani gani.